Asetili-CoA ya mafuta ya mmea hutoka wapi: jibu kwa mwalimu wa baiolojia

Swali: Mimi ni mwalimu wa baiolojia wa kidato cha tano na cha sita katika eneo la michikichi. Vitabu tunavyofundishia vinaeleza kwamba asetili-CoA ya kutengenezea mafuta, yaani kipande cha kaboni mbili kilichobebwa na koenzaimu A, huzalishwa ndani ya mitokondria, hutoka nje ikiwa imebebwa na sitreti, kisha hukatwa na kimeng'enya kiitwacho ATP-sitreti liasi. Mwanafunzi wangu ameniletea maandishi mengine yanayosema kwamba katika mimea malighafi hiyo hutokana na aseteti. Lipi ni sahihi? Tena, ni kimeng'enya kipi kinachoufanya mchikichi utoe mafuta mengi kiasi kile, na je, kikiongezewa nguvu mafuta yataongezeka?

Jibu: Mwalimu, maelezo ya sitreti ni sahihi kwa ini la mnyama, wala hukukosea kuyafundisha mahali pake. Maelezo ya aseteti nayo yana ukweli, ila ni ukweli mdogo uliokuzwa na namna majaribio ya zamani yalivyofanywa. Kwa mmea, sehemu kubwa ya asetili-CoA ya kutengenezea asidi za mafuta hutolewa na kundi la vimeng'enya linaloitwa piruveti dehidrojenasi, na si lile la mitokondria ambalo wanafunzi wako hulikuta katika somo la upumuaji wa seli, bali jingine linalofanana nalo ambalo makazi yake ni plastidi, vile viungo vidogo vya seli ya mmea ambavyo kloroplasti ni mojawapo. Mkanganyiko wote uliouleta hutokana na kuuliza kimeng'enya kipi bila kuuliza kimekaa wapi, kwa hiyo naomba tuanzie hapo.

Mnyama hujenga asidi za mafuta katika sitosoli, yaani yale majimaji ya seli yanayozunguka viungo vyake vidogo. Mmea haufanyi hivyo. Mwaka 1979, John Ohlrogge, David Kuhn na Paul Stumpf wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walichukua seli za jani la spinachi zilizovuliwa kuta, wakazipasua taratibu, wakatenganisha viungo vyake, kisha wakaitafuta ACP, ile protini ndogo ambayo mnyororo wa asidi ya mafuta huning'inia juu yake wakati wote unapojengwa. Waliikuta karibu yote ndani ya kloroplasti. Kwa kuwa pasipo ACP mnyororo haujengwi, ilibidi ikubalike kwamba katika jani asidi za mafuta hujengwa kuanzia mwanzo ndani ya kloroplasti, na katika sehemu zisizo za kijani, kama mbegu inayokomaa gizani au nyama ya chikichi, ndani ya plastidi zilizo ndugu wa kloroplasti.

Jambo la pili la kushika ni kwamba asetili-CoA haivuki utando. Koenzaimu A ni molekuli kubwa yenye chaji, na plastidi haina mlango wa kuipitisha. Asetili-CoA iliyozaliwa mitokondria itatumika mitokondria, iliyozaliwa sitosoli itatumika sitosoli, na plastidi ikitaka ya kwake lazima ijitengenezee kutokana na kitu kingine kinachoweza kupita. Ukiyaweka pamoja mambo haya mawili, sitreti liasi inajiondoa yenyewe kwenye orodha ya watoaji wakuu, kwa sababu katika mmea hukaa sitosoli, upande usiofaa wa utando. Haikosi kazi, na nitairudia baadaye.

Sasa tupige hesabu ya mahitaji, maana bila hesabu hatuwezi kumpima mtoaji yeyote. Chukua asidi palmitiki, ambayo katika mafuta ya mawese huchukua kiasi cha asilimia 44 ya asidi zote. Ina kaboni 16, na kaboni hizo huingia mbili mbili, kwa hiyo zinahitajika asetili-CoA 8. Moja huingia ilivyo na kuwa kichwa cha mnyororo. Saba zilizobaki hubebeshwa kwanza kaboni dioksaidi kila moja na kugeuka malonili-CoA, kazi inayogharimu ATP 7 (ATP ni sarafu ya nishati ya seli), kisha huhamishiwa kwenye ACP na kuunganishwa moja baada ya nyingine. Kila duara la ujenzi huhitaji jozi mbili za elektroni, kwa kawaida moja kutoka NADPH na nyingine kutoka NADH, kwa hiyo kwa duara saba za aina hiyo, mmea hulipa NADPH 7 na NADH 7. Ukipita harakaharaka utadhani swali ni la kaboni peke yake, kumbe mtoaji mzuri ni yule anayekuja na kaboni pamoja na elektroni.

Hapo ndipo piruveti dehidrojenasi inapoonyesha ubora wake. Kimeng'enya hiki ni kundi la protini za aina tatu zilizoshikana. Ya kwanza, yenye thiamini ndani yake, huivua piruveti, kipande cha kaboni tatu kinachotokana na kuvunjwa kwa sukari, kaboni moja na kuitoa kama kaboni dioksaidi. Ya pili huchukua kipande cha kaboni mbili kilichobaki kwa mkono wake wa asidi lipoiki na kukikabidhi kwa koenzaimu A. Ya tatu huurudisha mkono huo katika hali yake ya awali na, katika kufanya hivyo, huzaa NADH. Piruveti nane hutoa asetili-CoA 8 na NADH 8, na duara saba za ujenzi zinahitaji NADH 7. Nusu ya deni la elektroni imelipwa papo hapo, ndani ya plastidi ileile, bila kitu chochote kuvushwa.

Kundi la plastidi lina tabia zake zinazolitofautisha na lile la mitokondria. La mitokondria huzimwa kwa kubandikwa fosfeti, na katika jani lililo juani sehemu yake kubwa huwa imezimwa hivyo. La plastidi halina swichi hiyo. Hufanya kazi vizuri panapokuwa na pH ya karibu 8 na magnesi ya kutosha, hali ambazo hupatikana ndani ya kloroplasti jua linapowaka, na hupunguza mwendo NADH na asetili-CoA zinapolundikana bila kutumiwa. Ushahidi mzito kwamba mmea hauna mbadala wake ulitokana na Arabidopsis, yule mmea mdogo wa maabara: jeni ya sehemu ya pili ya kundi la plastidi ilipovurugwa, viinitete vilivyorithi kasoro hiyo kutoka pande zote mbili vilikufa mapema ndani ya ganda la tunda. Kama aseteti au kitu kingine kingeweza kushika nafasi yake, vingeendelea kukua walau kwa udhaifu.

Basi aseteti iliingiaje vitabuni? Kwa sababu ni rahisi kununua ikiwa na kaboni-14 yenye mionzi, na ukizipa kloroplasti zilizotengwa huipokea na kuigeuza asidi za mafuta kwa kasi ya kuvutia. Kwa miaka mingi hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kawaida ya kupima utengenezaji wa mafuta katika jani. Kimeng'enya kinachoiwezesha ni asetili-CoA sintetasi, nacho kimo kweli ndani ya plastidi. Huiunganisha aseteti na koenzaimu A kwa kutumia ATP na kuibakiza AMP, gharama iliyo sawa na ATP mbili. Likajengwa wazo kwamba mitokondria hutengeneza asetili-CoA, huivunja iwe aseteti, aseteti husambaa hadi kloroplasti, na huko huunganishwa upya. Wazo hilo halikuwa la kipuuzi, kwa maana aseteti hupita utando bila shida.

Kilicholiangusha ni jaribio lililopima saa badala ya kupima uwezo. Mwaka 2000 kikundi cha Ohlrogge, ambaye wakati huo alikuwa amehamia Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, kililipa jani kaboni dioksaidi yenye mionzi kwenye mwanga na kufuatilia dakika kwa dakika mionzi ilipofika. Ilifika kwenye asidi za mafuta baada ya dakika chache tu. Iwapo kaboni ingekuwa inapitia dimbwi la aseteti lililomo katika seli, ingelazimika kwanza kulijaza dimbwi hilo kwa mionzi, na asidi za mafuta zingechelewa. Hazikuchelewa kiasi hicho. Miaka miwili baadaye watafiti wengine walipunguza asetili-CoA sintetasi ya Arabidopsis hadi chini ya sehemu moja ya kumi ya kiwango chake, na mimea ikaendelea kutengeneza mafuta kutoka kaboni dioksaidi kama kawaida, ingawa uwezo wake wa kutumia aseteti iliyopewa kutoka nje ulishuka sana. Mwambie mwanafunzi wako kwamba majaribio ya mwanzo yalikuwa sahihi katika kile yalichopima: plastidi inaweza kutumia aseteti. Hayakupima kile ambacho plastidi hutumia inapoachwa yenyewe. Tofauti hiyo, kwa maoni yangu, inastahili kipindi kizima darasani.

Sintetasi hiyo haipo bure, lakini. Tishu za mmea zinapokosa oksijeni, kama mizizi iliyofunikwa na maji, huchachusha piruveti kuwa asetaldehidi na ethanoli, na sehemu ya asetaldehidi hugeuzwa aseteti. Aseteti ikilundikana hudhuru, na kuitupa ni kupoteza kaboni, kwa hiyo kimeng'enya hiki hufanya kazi ya kuokoa kilichomwagika. Kuiita kazi hiyo ndogo si kuidharau. Ni kuipa kipimo chake.

Turudi kwa sitreti. ATP-sitreti liasi ya mmea hukata sitreti katika sitosoli na kutoa asetili-CoA ya sitosoli. Asetili-CoA hiyo haijengi asidi za mafuta kuanzia mwanzo, ila hurefusha zile ambazo plastidi imekwisha kuzitoa zikiwa na kaboni 16 au 18. Urefushaji huo hufanyika kwenye utando wa retikulamu endoplazimu, nao ndio unaotoa nta ya kufunika majani na matunda, na asidi ndefu kama asidi erusiki ya kaboni 22 inayopatikana katika haradali. Asetili-CoA ileile hutumika pia kwa flavonoidi na kwa steroli. Kikundi cha Basil Nikolau na Eve Wurtele kule Iowa kilipoipunguza sitreti liasi ya Arabidopsis, kilipata mimea midogo iliyodumaa, yenye nta pungufu kwenye ngozi zake, ilhali wanga umelundikana kwenye majani. Hivyo ndivyo inavyokuwa kimeng'enya muhimu kinapoondolewa mahali pake. Kwa hiyo unaweza kuendelea kuufundisha mchoro wa sitreti, mradi uandike juu yake neno ini, na pembeni uchore mwingine wa jani.

Hadi hapa nimezungumzia asetili-CoA tu, na ningekuwa nimekujibu nusu. Malighafi inayoingia kwenye mnyororo mara saba kati ya nane ni malonili-CoA, na anayeitengeneza ni asetili-CoA kaboksilasi. Wakati Salih Wakil na wenzake walipokuwa wakichunguza ini la njiwa kule Wisconsin mwaka 1958, waligundua kwamba asidi za mafuta hazitengenezwi pasipo bikaboneti, lakini kaboni ya bikaboneti hiyo haionekani popote katika asidi iliyokamilika. Jibu la kitendawili hicho ni kwamba kaboni dioksaidi hubandikwa kwa msaada wa biotini na ATP, kisha hubanduliwa wakati wa kuunganisha. Kubanduka kwake ndiko kunakousukuma muungano uende mbele na usirudi nyuma.

Katika mimea kaboksilasi hii ipo kwa sura mbili. Moja ni protini moja kubwa iliyobeba sehemu zote za kazi, nayo hukaa sitosoli, ambako huihudumia ile kazi ya nta na flavonoidi. Nyingine inafanana na ya bakteria: ni kusanyiko la protini nne tofauti, na hukaa plastidi. La kushangaza ni kwamba protini moja kati ya hizo nne husomwa kutoka jeni iliyobaki ndani ya plastidi yenyewe, jeni iitwayo accD, ilhali tatu husomwa kutoka jeni za kiini cha seli na kuletwa plastidi zikiwa tayari. Yukiko Sasaki na wenzake nchini Japani walilithibitisha hilo kwa njegere mwaka 1993. Kwa hiyo ili mmea upate kaboksilasi moja iliyokamilika, masijala mbili za urithi zinalazimika kwenda sambamba.

Jamii ya nyasi imeachana na mpango huo. Mahindi, mpunga, ngano na nyasi za porini zimepoteza sura ya kibakteria katika plastidi na badala yake hutumia ile protini moja kubwa kotekote. Mwaka 1994 Sasaki na mwenzake Tomokazu Konishi walieleza kwamba hapo ndipo penye siri ya dawa za magugu za kundi la fluazifop, haloxyfop na clethodim, ambazo wakulima wa maharage na vitunguu hupulizia mashamba yao bila kuua zao. Dawa hizo hujipachika kwenye kaboksilasi kubwa na kuizima. Nyasi hukosa malonili-CoA ndani ya plastidi, hukosa asidi za mafuta za kujengea utando mpya, na sehemu zake changa hufa. Maharage yana kaboksilasi ya aina hiyo katika sitosoli, lakini plastidi zake zina ile nyingine ambayo dawa haiigusi. Nakuomba uwaambie wazazi wenye mashamba mambo mawili yanayofuata kutokana na hayo: dawa hizi zikipuliziwa mahindi huua mahindi, na ndago, ingawa machoni inaonekana kama nyasi, si ya jamii hiyo, hivyo anayeipulizia kwa dawa hizi anapoteza fedha yake. Aidha, badiliko la asidi amino moja tu katika kaboksilasi ya nyasi, isolusini kuwa lusini katika nafasi ya 1781, limetosha kuyafanya magugu kadhaa kuwa sugu.

Kaboksilasi ya plastidi ndiyo bomba linalofunguliwa na kufungwa zaidi kuliko mengine katika njia hii. Mwanga huifungua, kupitia kupanda kwa pH na magnesi na kupitia protini ndogo iitwayo thioredoksini inayobadilisha viungo vya salfa ndani yake. Mafuta yakizidi, asidi oleiki iliyo bado kwenye ACP huirudia na kuipunguza kasi. Nitasema zaidi kuhusu jambo hili nitakapolijibu swali lako la kuongeza nguvu.

Lakini piruveti nayo hutoka wapi? Hili ndilo eneo ninaloliona kuwa na utajiri mkubwa kuliko yote, kwa sababu mimea tofauti hujibu tofauti. Ungetarajia kloroplasti, inayokamata kaboni kutoka hewani, ijitengenezee piruveti moja kwa moja. Kwa kawaida haiwezi, kwa kuwa kloroplasti ya jani ina upungufu wa vimeng'enya vya hatua za mwisho za glikolisisi, yaani uvunjaji wa sukari hatua kwa hatua hadi piruveti. Kaboni iliyokamatwa hutoka nje ikiwa fosfeti ya sukari, hushushwa ngazi za glikolisisi katika sitosoli, kisha hurudi ndani ikiwa fosfoenolipiruveti au piruveti, kila moja kwa mlango wake maalumu. Fosfoenolipiruveti ikishaingia hugeuzwa piruveti na kimeng'enya cha piruveti kinasi cha plastidi, na ATP huzaliwa hapohapo, tayari kwa kutumiwa na kaboksilasi. Mwaka 2007 ilionyeshwa kwamba Arabidopsis iliyokosa piruveti kinasi hiyo hutoa mbegu zenye mafuta pungufu kwa kiasi cha asilimia 60. Kimeng'enya hiki hakitajwi sana vitabuni katika sura ya mafuta, ingawa pigo lake ni zito hivyo.

Mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo, una mtindo mwingine. Asili yake ni pande hizi za mashariki na kaskazini-mashariki mwa Afrika, na mbegu yake hukusanya mafuta yanayokaribia nusu ya uzito wake, katika tishu isiyo ya kijani, bila msaada wowote wa mwanga. Mwaka 1992 watafiti wa Kanada walitenga plastidi zisizo na rangi kutoka mbegu changa za mbarika, wakazipa vyakula mbalimbali, na kuona kwamba zilitengeneza asidi za mafuta kwa kasi kubwa zaidi zilipopewa maleti kuliko zilipopewa piruveti au aseteti. Sababu inaonekana ukirudi kwenye hesabu yetu. Maleti ikiingia plastidi hukatwa na kimeng'enya cha maleti, ikatoa piruveti, kaboni dioksaidi na NADPH. Piruveti hiyo ikipitia piruveti dehidrojenasi hutoa asetili-CoA na NADH. Kwa maleti nane, mmea unapata asetili-CoA 8, NADPH 8 na NADH 8, na mahitaji ni 8, 7 na 7. Ni ATP tu inayobaki kutafutwa kwingine. Katika miaka yote ya kufundisha somo hili sijakutana na hesabu nyingine ya metaboli inayolingana vizuri namna hiyo, ingawa nakiri kwamba kilichopimwa kwenye chupa ni uwezo wa plastidi, sawasawa na ilivyokuwa kwa aseteti.

Piruveti dehidrojenasi ina dosari moja isiyoepukika, nayo ni kutupa theluthi ya kaboni. Ili kupata asidi palmitiki moja, hutumika glukosi nne zenye kaboni 24, na kaboni nane hutoka kama kaboni dioksaidi. Kwa uzito, gramu 720 za glukosi huzaa gramu 256 hivi za asidi palmitiki, kabla hata ya kuhesabu sukari inayochomwa kwa ajili ya nishati. Mbegu za kijani za kanola, zao la mafuta, zimepata njia ya kupunguza hasara hiyo. Mwaka 2004 Jörg Schwender na wenzake walionyesha kwamba Rubisko, kimeng'enya cha usanisinuru, iliyomo ndani ya viinitete vya mbegu hizo hufanya kazi bila kuzungusha mzunguko wote wa Calvin: hukamata kaboni dioksaidi iliyotolewa na piruveti dehidrojenasi na kuirudisha kwenye mkondo wa piruveti. Kwa njia hiyo hupatikana asetili-CoA zaidi kwa asilimia 20 na hasara ya kaboni hupungua kwa asilimia 40, ikilinganishwa na glikolisisi peke yake. Chikichi halina anasa hiyo, kwani nyama yake haina ukijani wa kutosha inapojaza mafuta.

Tumefika kwa mchikichi. Jibu bora ninalolijua limetokana na kuulinganisha na mtende, ambao ni ndugu yake katika familia ya minazi. Nyama ya chikichi lililoiva ina mafuta hadi asilimia 90 ya uzito wake mkavu, kiwango kisichofikiwa na tishu nyingine yoyote inayojulikana katika mimea. Nyama ya tende, ambayo Omani na nchi za Ghuba zinaifahamu kuliko sisi, ni karibu sukari tupu. Yote mawili ni matunda ya familia ya minazi yanayopokea sukari kutoka majani. Kinachobadilika ni kile kinachofanywa na sukari hiyo ikishafika. Mwaka 2011 timu ya Wafaransa na Wamarekani ilihesabu nakala za jeni zilizokuwa zikisomwa katika matunda hayo mawili kadiri yalivyokua. Vimeng'enya vya glikolisisi vya sitosoli vilikuwa karibu sawa kwa pande zote mbili, isipokuwa kimoja. Vimeng'enya vya mwisho, vinavyoziunganisha asidi za mafuta na gliseroli kuwa mafuta kamili, navyo kwa sehemu kubwa vilikuwa sawa, ingawa mtiririko wa kaboni kuelekea mafuta ulitofautiana kwa zaidi ya mara 100. Tofauti kubwa ilikuwa plastidini: fosfofruktokinasi, piruveti kinasi, piruveti dehidrojenasi, milango ya kuingizia malighafi, na vimeng'enya vyote vya kujenga asidi za mafuta vilisomwa kwa wingi mno katika chikichi.

Juu ya hivyo vyote kulikuwa na WRI1, protini inayoamuru jeni nyingine zisomwe, ambayo nakala zake zilikuwa mara 57 zaidi katika chikichi kuliko katika tende. Jina lake ni kifupi cha hali ya mbegu za Arabidopsis zilizokosa protini hiyo, ambazo hunywea na kukunjamana kwa sababu zimepungukiwa mafuta kwa asilimia 80. WRI1 haifungui kimeng'enya kimoja. Hufungua piruveti kinasi, piruveti dehidrojenasi, sehemu ya kaboksilasi inayobeba biotini, ACP, na vimeng'enya vinavyounganisha mnyororo, vyote kwa pamoja. Kwa hiyo swali lako la kimeng'enya kipi hasa linapata jibu ambalo huenda hukulitarajia: hakuna kimoja. Utajiri wa chikichi ni wa mkondo mzima wa plastidi, kuanzia pale sukari inapogeuka piruveti hadi pale mnyororo unapokamilika, ukiwa umeinuliwa kwa amri moja.

Ukielewa hivyo, utaona kwa nini majaribio ya kuinua kimeng'enya kimoja yametoa matunda machache. Mwaka 1997 kaboksilasi kubwa ya Arabidopsis iliingizwa kwenye plastidi za mbegu za kanola ili kukwepa udhibiti wa ile ya asili. Mafuta ya mbegu yaliongezeka kwa takriban asilimia 5 ya kiwango kilichokuwapo, si asilimia 5 ya uzito wa mbegu. Bomba lilipanuliwa, lakini maji yaliyokuwa yakilifikia na tangi lililokuwa likiyapokea vilibaki vilevile.

Kwa mchikichi, zaidi ya hayo, nyama iliyokwisha kufika asilimia 90 haina nafasi kubwa ya kuongezewa mafuta. Nafasi iliyobaki ni ya kuongeza nyama yenyewe, na hilo wazalishaji wa mbegu walilifanya zamani bila kugusa kimeng'enya chochote cha mafuta. Michikichi mingi ya asili iliyoko Kigoma, Burundi na Kongo ni ya aina ya dura, yenye kokwa la ganda nene na nyama nyembamba. Ikichavushwa na pisifera, ambayo haina ganda, hupatikana tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi, na mafuta ya kila mkungu huongezeka kwa kiasi cha theluthi. Jeni inayoamua unene wa ganda, iliyopewa jina SHELL, ilitambuliwa mwaka 2013, na haina kazi yoyote ya asetili-CoA. Mkulima akiokota mbegu chini ya tenera zake na kuzipanda, zikiwa zimechavushana zenyewe kwa zenyewe, nusu tu ya miche itakuwa tenera. Robo itarudi kuwa dura, na robo itakuwa pisifera, ambayo kwa kawaida mikungu yake huoza kabla ya kukomaa. Kwa hiyo miche inunuliwe kwenye kitalu kinachochavusha dura kwa pisifera kwa mkono, na kila msimu wa kupanda mpya inunuliwe upya.